Mlango wa Pembeni

Kwa miaka kumi na minane mama mmoja aliingia hospitalini kwa mlango wa pembeni. Geti kubwa alilipita kama mtu aendaye kumjulia hali mgonjwa, akaizunguka wodi ya wazazi, akapita chini ya mwarobaini na kuusukuma mlango wa mbao uliopakwa rangi ya samawati. Ndani mlikuwa na mabenchi mawili, feni iliyosuasua, na dada mmoja aliyemtambua hata kabla hajafunua uso. "Umekula, mama?" Hilo ndilo lililokuwa swali la kwanza kila mara. La pili: "Kopo limebakisha vidonge vingapi?" Ugonjwa wenyewe haukutajwa. Waliokuwa mle ndani waliujua, na waliokuwa nje hawakuwa na haja ya kuujua.

Tumekubaliana, mimi naye, nisitaje jina lake, wala mji, wala hospitali. Nitasema tu kwamba ni Pwani ya Kenya, kwamba jioni huuza viazi karai na bajia mbele ya nyumba yake, na kwamba kati ya wanawe watatu ni mmoja tu anayejua. Ipo zahanati mwendo wa dakika kumi kutoka kwake, lakini yeye alikuwa akipanda matatu mbili kwenda mbali. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kwa muda kabla ya kunijibu. "Mwanangu, nani atakula kiazi akishajua mpishi ana nini?"

Akipewa kopo jipya, jambo la kwanza ni kulifungua na kutia pamba juu ya vidonge, ili visilie mkobani anapotembea. Alifundishwa na mwanamke mwenzake kwenye benchi lile lile, mwaka wake wa kwanza wa kutumia dawa.

Mwishoni mwa Januari 2025 aliukuta mlango wa samawati una kufuli. Mlinzi alimwelekeza kwenye dirisha la wagonjwa wa kawaida. Akapanga foleni pamoja na wenye homa, akina mama waliobeba watoto wanaoharisha, na vijana walioanguka na bodaboda. Karani wa zamu hakuwa akimjua. Faili halikuonekana, kwa kuwa mafaili yote yalikuwa yamefungiwa chumbani kule. Karani akapaza sauti, bila nia mbaya, kama watu wanavyopaza sauti mahali penye kelele: "Wewe ni wa ARV?" Mbele yake kwenye foleni alikuwa amesimama mmoja wa wateja wake wa jioni.

Siku ile alirudi nyumbani bila dawa. Wiki tano zilipita kabla hajakanyaga tena hospitali yoyote.

Ufunguo wa kufuli lile ulizungushwa mbali sana. Januari 20, 2025, saa chache baada ya kuapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusitisha misaada ya maendeleo kwa nchi za nje kwa siku 90, ili ikaguliwe. Siku nne baadaye mashirika yaliyokuwa yakiendesha miradi ya misaada hiyo duniani kote yaliagizwa kuweka kalamu chini. Januari 28 Waziri wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, alitoa idhini ya kuendelea kwa huduma za kuokoa maisha, lakini kati ya idhini ya Washington na benchi la Pwani kuna wahasibu, mifumo ya malipo iliyozimwa, mikataba iliyokwisha kuvunjwa, na wafanyakazi waliokwisha kurudi kwao. Machi 10 Rubio alitangaza kuwa asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, imefutwa. Julai 1 shirika lenyewe, lililoundwa na Rais Kennedy mwaka 1961, likafunga milango.

Kuna ripoti iliyotoka Nairobi mwezi huo wa Machi ambayo sijaweza kuisahau. Dawa na vifaa vya tiba vya thamani ya takriban dola milioni 34, vikiwemo vidonge vya kupunguza makali ya virusi, vipimo vya VVU na dawa za malaria, vilikuwa vimekaa ghalani. Vilikuwa vimekwisha kununuliwa na kufika nchini. Kilichokosekana ni pesa ya kuvitoa ghalani na kuvipeleka hospitalini. Mtu anaweza kuelewa nchi tajiri ikisema haitanunua tena. Kuacha dawa iliyokwisha kulipiwa izeeke kwenye rafu, katika nchi yenye watu takriban milioni 1.4 wanaoishi na virusi, ni jambo ambalo mimi nashindwa kulielewa.

Haki inataka niseme na upande wa pili, tena kwa moyo wote. Mpango wa Marekani wa kupambana na ukimwi duniani, PEPFAR, uliotangazwa na Rais George W. Bush Januari 2003, ni miongoni mwa mambo mema makubwa ambayo taifa moja limewahi kuwatendea watu wa mataifa mengine. Umetumia zaidi ya dola bilioni 100, na hesabu za Marekani yenyewe zinasema umeokoa maisha ya watu zaidi ya milioni 25. Wasomaji wa umri wangu hawahitaji takwimu hizo. Tunaikumbuka Kenya ya miaka ya tisini, matanga yalipofuatana hadi turubai ikawa haikunjwi. Rais Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la taifa Novemba 1999, miaka kumi na mitano baada ya mgonjwa wa kwanza kugunduliwa nchini. Dawa zilikuwepo duniani wakati huo, ila bei yake ilikuwa ya matajiri. Mama wa viazi karai alizikwa kwa mawazo mara mbili na jamaa zake kabla ya kuanza kumeza dawa mwaka 2007. Leo ni bibi wa wajukuu wanne.

Kwa hiyo sizungumzi kama mtu anayetukana mkono uliomlisha. Nazungumza juu ya namna mkono ule ulivyoondolewa, na juu ya kilichoanguka ulipoondolewa.

Dawa hazikutoweka zote. Katika sehemu nyingi za Kenya vidonge viliendelea kupatikana, ingawa aliyekuwa akipewa vya miezi mitatu au sita alianza kupewa vya mwezi mmoja, na mahali pengine vya wiki mbili. Kilichotoweka kwanza ni watu. Yule dada wa "umekula, mama" hakuwa mwajiriwa wa kaunti. Alikuwa mshauri rika, naye mwenyewe anaishi na virusi, na posho yake ilitoka kwa shirika lililolipwa na Marekani. Makarani wa data nao walilipwa hivyo hivyo, pamoja na akina mama washauri waliowasindikiza wajawazito ili mtoto azaliwe salama, vijana waliobeba sampuli za damu kwa pikipiki hadi maabara ya kupima wingi wa virusi, na wahudumu waliompigia simu mgonjwa aliyekosa kliniki siku mbili. Katika vitabu vya wahasibu, watu hao wanahesabiwa kuwa gharama za uendeshaji. Mgonjwa alipata kwao kitu ambacho Waswahili tuna jina lake: sitara.

Kumsitiri mtu ni kuufunika udhaifu wake ili aweze kuendelea kuishi na wenzake. Maiti husitiriwa, mgeni akisitiriwa na njaa hashukuru kwa maneno mengi, na mwenye deni husitiriwa mbele ya mkwewe. Katika dua zetu tunaomba sitara kabla ya kuomba mali. Kliniki ile ya pembeni, ambayo wengi waliijua kwa herufi zake tatu tu, CCC, ilikuwa imejenga sitara kwa miaka ishirini, taratibu, kwa makosa mengi na masahihisho mengi.

Najua methali itakayoletwa hapa: mficha maradhi, kifo humuumbua. Tumeitumia sana katika kampeni za kuhimiza watu wapimwe, na ni ya kweli. Ila methali hiyo humtaka mgonjwa aufunue ugonjwa wake kwa mganga. Haikumtaka aufunue kwa wanunuzi wa viazi. Walioelewa tofauti hiyo waliandika sheria. Sheria ya Kenya ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na Ukimwi, ya mwaka 2006, inakataza kutoa habari za hali ya mtu bila ridhaa yake, na iliunda mahakama maalumu ya kusikiliza malalamiko ya watu wanaoishi na virusi, mahakama ya aina yake pekee duniani. Katiba ya 2010 ikaja ikasema, katika Kifungu cha 43, kwamba kila mtu ana haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na katika Kifungu cha 31 kwamba ana haki ya faragha, hata kutolazimishwa kufichua mambo ya familia yake au maisha yake ya siri bila sababu.

Basi swali lililoulizwa kwenye dirisha lile, mbele ya foleni, lilivunja vifungu viwili kwa maneno manne. Wala sidhani karani alikuwa na kosa lolote la kushtakiwa. Alikuwa mtu mmoja aliyeachiwa kazi ya watu sita.

Tunapozungumzia kukatwa kwa misaada ya afya, huwa tunahesabu vifo, na ni lazima tuvihesabu. Shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na ukimwi, UNAIDS, lilikadiria kuwa fedha za PEPFAR zikiondoka kabisa bila kuzibwa, dunia itapata vifo milioni 4 vya ziada vitokanavyo na ukimwi kufikia 2029, na maambukizi mapya milioni 6. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet katikati ya 2025, ukitazama misaada yote ya USAID na si ya VVU peke yake, ulikadiria vifo zaidi ya milioni 14 kufikia 2030, na milioni 4.5 kati ya hivyo ni vya watoto walio chini ya miaka mitano. Hayo ni makadirio, nami naomba kwa dhati yasitimie. Lakini mtu hafi siku dawa inapokwisha. Kwanza huaibika. Kisha huacha kwenda. Kisha huanza kugawa vidonge, kimoja leo, kimoja keshokutwa, na virusi hujifunza kuishi na dawa. Kifo kikija, kitaandikwa kwenye cheti kuwa ni kifua kikuu au homa ya uti wa mgongo, na hakuna daftari litakaloonyesha kuwa kilianzia kwenye foleni.

Turudi kwenye ile idhini ya kuokoa maisha, kwa kuwa ndani yake kuna orodha, na orodha ndipo mahali ambapo haki za binadamu hupimwa. Tiba iliruhusiwa, na kuzuia mama asimwambukize mtoto kuliruhusiwa. Vidonge vya PrEP, anavyomeza mtu asiye na virusi ili asiambukizwe, viliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu.

Isome tena sentensi hiyo ya mwisho. Msichana wa miaka kumi na tisa wa Homa Bay, kaunti ambayo uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya watano ana virusi, hakustahili kinga ile mpaka apate mimba. Mvuvi hakustahili, wala dereva wa lori la masafa marefu, wala mke ambaye mumewe ana virusi na yeye hana. Wanawake wanaouza miili na wanaume wanaolala na wanaume hawakustahili kabisa. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya maisha ya hao wawili wa mwisho, na Pwani tunayo maoni mengi, lakini virusi havisomi maoni ya mtu, na Kifungu cha 43 kimeandika "kila mtu". Mwili wa mwanamke ulihesabika kwa sababu ya aliyemo tumboni. Nimejaribu kuisoma orodha ile kwa njia nyingine nikashindwa.

Wasichana wale wale walikuwa na mpango wao, DREAMS, uliotangazwa mwishoni mwa 2014 kwa nchi kumi za Afrika, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwamo. Ulikuwa na wazo moja zuri sana: kwamba msichana haambukizwi kwa kukosa elimu ya virusi, anaambukizwa kwa kukosa karo, sodo, na mahali pa kulala. Kwa hiyo ulilipa karo, ukafundisha ushonaji na ususi, ukaweka vyumba salama vya wasichana kukutana. Nao ulikwisha mwaka 2025. Uchungu ni kwamba mwaka mmoja kabla yake, majaribio ya sindano ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka, yalikuwa yamefanywa Uganda na Afrika Kusini, na kati ya wanawake na wasichana 2,134 waliopewa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kwa miaka arobaini dunia ilikuwa ikisubiri habari kama hiyo. Ulipofika wakati wa kuisambaza sindano yenyewe, waliotakiwa kuifikisha kwa wasichana wetu walikuwa wameshapewa barua za kuachishwa kazi.

Wapo waliosema, nasi tukawasikia kwenye redio na kwenye mabaraza ya kahawa, kuwa tumeyataka wenyewe. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sikatai methali, nauliza tu inamlenga nani. Mama huyu hakuwahi kutegemea cha ndugu. Akinunua mafuta ya kupikia analipa kodi, akitumiwa pesa kwa simu analipa kodi, na ushuru wa kibanda unamfuata kila asubuhi. Aliyetegemea cha ndugu ni serikali. Aprili 2001, viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kwamba kila nchi itatenga angalau asilimia 15 ya bajeti yake kwa afya. Kenya haijaifikia ahadi hiyo, na jirani zetu wengi pia. Bei ya vidonge vya TLD, dawa ya kwanza anayopewa mgonjwa siku hizi, ilishuka mwaka 2023 hadi chini ya dola 45 kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima, kwa mujibu wa Mfuko wa Dunia wa kupambana na ukimwi, kifua kikuu na malaria. Zipige hesabu hizo kwa shilingi, kisha uzilinganishe na misafara ya magari tunayoiona barabarani. Sina haja ya kuendelea.

Je, Marekani ina wajibu wowote, au ilikuwa hisani tu, na mwenye hisani ana haki ya kuisitisha? Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni unazitaka nchi zifanye kazi kila moja kwa uwezo wake na kwa kusaidiana, na kamati inayousimamia ilisema mwaka 2000 kwamba wenye uwezo wana jukumu la kuwasaidia wasio nao katika mambo ya msingi ya afya. Kenya imo katika mkataba huo tangu 1972. Marekani iliutia saini 1977 na mpaka leo haijauridhia. Wanasheria watabishana. Mimi nasimama kwenye jambo dogo zaidi, ambalo naona halina ubishi. Hata kama hukulazimika kumbeba mtu mgongoni, ukishambeba ukafika katikati ya mto huna ruhusa ya kumwachia pale. Wenye miradi walipokwenda mahakamani Washington kudai malipo ya kazi waliyokwisha kuifanya, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliwapa ushindi mwembamba Machi 2025, majaji watano kwa wanne. Miezi ilivyosonga, mahakama hiyo hiyo ikaruhusu dola bilioni 4 nyingine zizuiliwe. Katika kesi zote hizo hakukuwa na mgonjwa hata mmoja kizimbani. Mjadala ulikuwa wa nani ana mamlaka juu ya pesa, Rais au Bunge.

Wala si Marekani peke yake. Mwezi Februari 2025 Uingereza ilitangaza kupunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027, fedha ziende kwenye ulinzi. Novemba Mfuko wa Dunia ulipochangisha Johannesburg ulipata dola bilioni 11.34, nao ulikuwa umeomba 18.

Kisa cha ghala la Geel, Ubelgiji, nitakipita kwa haraka ingawa kinauma: dawa na vifaa vya uzazi wa mpango vya dola milioni 9.7, vilivyonunuliwa na USAID, sehemu kubwa vikiwa vya kuletwa Kongo, Kenya, Tanzania, Zambia na Mali. Julai 2025 uamuzi ulikuwa vichomwe moto. Mashirika yalijitolea kuvichukua na kuvisambaza kwa gharama zao, yakakataliwa.

Kuna jambo moja ambalo wafadhili na wakosoaji wao husahau kwa pamoja. Wagonjwa wa Kenya hawakukaa chini ya mti wakingoja dawa. Mwaka 2009 raia watatu wanaoishi na VVU walikwenda Mahakama Kuu kupinga sheria ya bidhaa ghushi ya 2008, iliyoandikwa kwa ulegevu kiasi kwamba dawa halali za bei nafuu zingeweza kukamatwa bandarini kama bidhaa bandia. Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kuwa vifungu vile vinahatarisha haki ya uhai, ya utu na ya afya. Dawa za bei nafuu zikaendelea kuingia. Miaka mitatu baadaye, Februari 2015, serikali iliagiza takwimu zikusanywe za watoto wa shule wenye virusi, pamoja na majina yao. Watu wakaenda tena mahakamani, na Desemba 2016 agizo lile likatupwa kwa kuvunja faragha. Watu hawa wamekuwa wakiilinda sitara yao kwa miguu yao wenyewe, kwa nauli zao wenyewe.

Nayakumbusha hayo kwa sababu ya kilichotokea mwisho wa mwaka 2025. Marekani ilitoa mkakati mpya wa misaada ya afya Septemba, na Desemba 4 Kenya ikawa nchi ya kwanza kutia saini mkataba chini yake, Washington, Rubio akitia saini upande mmoja na Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi upande wa pili. Mkataba ni wa miaka mitano: hadi dola bilioni 1.6 kutoka Marekani, na Kenya kuongeza dola milioni 850 zake. Pesa zitapitia serikalini, si kwa mashirika. Hilo la mwisho nalipenda. Hilo la kupandisha mchango wetu nalipenda zaidi. Lakini pamoja na pesa kulikuwa na makubaliano juu ya data za afya. Serikali ilisema sheria za Kenya zitatawala na siri za wagonjwa zitalindwa. Shirika la watetezi wa walaji na Seneta Okiya Omtatah hawakuridhika, na Desemba 11 Mahakama Kuu ikatoa amri ya muda kuzuia sehemu inayohusu kuhamisha data za wagonjwa hadi kesi isikilizwe.

Nilimsomea mama habari hiyo, simu mkononi, akiwa anamenya viazi. Aliuliza kama jina lake litaonekana Marekani. Nikamwambia serikali inasema hapana. Akaendelea kumenya. Baada ya muda akasema kwamba Marekani hawamjui, hata wakilisoma haitamdhuru. Anayeogopwa ni karani.

Wataalamu wameniambia kuwa kuziunganisha kliniki za VVU na huduma za kawaida ni jambo jema, na nakubali kwa sehemu kubwa. Mlango wa pembeni nao ulikuwa na ubaya wake, maana kila anayeonekana chini ya mwarobaini alishajulikana anakwenda wapi. Mwenye virusi ana presha pia, ana kisukari, anastahili daktari mmoja amwone mzima. Wizara ilikuwa na mawazo hayo kabla ya Trump. Lakini kuunganisha kunataka vyumba vyenye pazia, makarani waliofunzwa kunong'ona, mafaili yasiyo na rangi inayosema jina la ugonjwa, na miaka. Kufunga chumba kimoja Ijumaa na kuwamwaga waliokuwemo barazani Jumatatu kunaitwa kuunganisha kwenye ripoti tu. Pesa za kuyafanya hayo vizuri zilitakiwa kutengwa wakati wafadhili wangali wapo, na hilo ni letu, halina Mmarekani ndani yake.

Mama alirudi kwenye dawa mwezi wa Machi, katika hospitali nyingine, sasa matatu ni tatu. Kipimo chake cha kwanza baada ya zile wiki tano kilionyesha virusi vimepanda. Cha pili vilishuka. Yule mteja aliyesimama mbele yake kwenye foleni hajarudi kununua, na yeye hajui kama ni kwa sababu alisikia au kwa sababu alihama mtaa. Hawezi kuuliza.

Aliyemrudisha ni dada wa mlango wa samawati. Siku ya kufunga aliagizwa akabidhi daftari, simu ya kazi na funguo, akakabidhi vyote. Nambari za simu alikuwa nazo kichwani, si zote, thelathini na kitu. Siku hizi anauza mitumba sokoni, Jumatano na Jumamosi, na jioni akishafunga mzigo huketi juu yake na kupiga simu kwa salio lake, mtu mmoja mmoja, wengine hawashiki. Nilikuwa nimeketi na mama jioni moja simu yake ilipolia. Alijifuta unga wa dengu kwenye kanga, akasogea mbali na wateja, akageukia ukuta.

"Nimekula," nilimsikia akisema.